Damu haipandi: nilivyokuja kujua nina siliaki

Hii naiandika kwa mtu yeyote ambae ameambiwa damu imepungua, akapewa vidonge vya kuongeza damu, akavimeza vizuri tu na bado damu haipandi, alafu tumbo nalo linamsumbua miaka na kila akienda hospitali anatoka na jina jipya la ugonjwa. Mi nakaa Moshi, kazi yangu fundi umeme wa majumbani, na huo ndo mzunguko niliokaa nao mpaka ikajulikana nina siliaki. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili wako mwenyewe inashambulia utumbo mwembamba kila unapokula gluteni, ile protini iliyopo kwenye ngano, shayiri na nafaka moja ya Ulaya inaitwa rai. Sio aleji ile ya kula kitu ukavimba mdomo saa hiyo hiyo, hii inakula taratibu, unaweza kukaa nayo miaka na wala usihusishe na chapati uliyokula asubuhi.

Kwangu ilianza na gesi na tumbo kujaa, baadae choo laini chenye harufu kali kinachoelea, vidonda mdomoni vinapona vinarudi, na uchovu ambao sijui hata niuelezeje. Nikipanda darini kuvuta nyaya inabidi nikae kwanza moyo utulie ndo niendelee. Na nikakonda. Huku kwetu mwanaume akikonda watu wana jibu tayari midomoni, nikapima VVU, negativu, nikarudia baada ya miezi, negativu, na bado minong'ono ikaendelea mtaani, mke wangu akawa anaulizwa sokoni Mbuyuni na watu ambao hawajawahi hata kumsalimia, "baba Neema anaendeleaje", kwa ile sauti ya kupima. Hilo liliniumiza kuliko tumbo lenyewe.

Hospitali nimeambiwa taifodi, nimeambiwa amiba, nimeambiwa minyoo, nimeambiwa vidonda vya tumbo nikamaliza zile dawa za wiki mbili zote. Sisemi kwamba walikuwa wanabahatisha tu, amiba na giadia zipo kweli kwenye maji yetu na dalili zake zinafanana sana na hizi, kwaiyo mtu akianza na hizo anaanza mahali sahihi. Tatizo ni pale dawa zinapoisha, dalili zinabaki, na mgonjwa anaanzishiwa dawa zile zile upya bila mtu kuuliza kwanini.

Wakati huo nyumbani kila mtu ananilisha nipate damu. Mke wangu ananipa juisi ya rosela kila siku na matembele, maini yakipatikana tunakula maini, baba mdogo akichinja ananiita nikanywe kisusio, ile supu yetu ya damu. Na mama yangu, yupo Kibosho, akawa ananitengenezea unga wa uji wa lishe kwa mkono wake mwenyewe: mahindi, ulezi, mtama, soya, karanga, mchele, na ngano. Anaosha, anaanika, anapeleka mashine, anafunga kwenye ndoo ananitumia na gari za kijijini. Kikombe kikubwa asubuhi na kingine jioni. Kile chakula nilichopewa kwa upendo mkubwa kuliko vyote ndicho kilikuwa kinanimaliza, na hakuna mtu duniani angeweza kumlaumu mama yule, kwasababu kwa watu walio wengi uji ule ni chakula kizuri kabisa na ngano yake haiwadhuru chochote. Mpaka leo hilo ndo jambo ninalolifikiria zaidi kuhusu ugonjwa huu, kwamba ulikaa ndani ya kitu ambacho kila mtu alikuwa na uhakika nacho.

Aliyeufungua mlango ni daktari wa magonjwa ya ndani, mama mmoja mtu mzima, hospitali ya rufaa. Hb yangu, yaani kiwango cha damu, ilikuwa imefika 7.9 wakati mwanaume anatakiwa awe kuanzia 13 kwenda juu, na akiba ya madini ya chuma mwilini ilikuwa imekauka kabisa. Akaniuliza, "baba, hivi vidonge unavimeza kweli au unaviweka kabatini?" Nikamwambia dokta naapa navimeza, mke wangu ananisimamia. Akanyamaza kidogo akasema basi kama vinaingia mdomoni na haviingii kwenye damu, tatizo lipo katikati. Akanielezea kwamba madini ya chuma yananyonywa pale mwanzoni kabisa mwa utumbo mwembamba, chakula kikishatoka tu kwenye tumbo, kwaiyo sehemu hiyo ikiharibika unaweza kumeza vidonge mpaka uchoke. Na kwamba mwanaume hana hedhi, hivyo akiishiwa chuma lazima utafute damu inavujia wapi au chuma inakwama wapi, huwezi kumpa vidonge tu na kumwambia aende.

Akaagiza vitu viwili. Cha kwanza kipimo cha damu kinaitwa tTG-IgA, hicho kinaangalia antibodi, yaani askari wa kinga ambao mwili unatengeneza kwenye siliaki, pamoja na kipimo cha kuangalia IgA yote kwa ujumla, IgA ikiwa ni aina mojawapo ya antibodi, kwasababu kuna watu miili yao inatengeneza IgA kidogo sana kiasili na hao kipimo cha kwanza kinaweza kutoka safi wakati ugonjwa wanao. Sampuli ilipelekwa nje ya nchi na maabara binafsi, nikalipa keshi, nikasubiri. Cha pili endoskopi, ule mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Wengi tunaiogopa, kiukweli inakera ila haiumi kama watu wanavyosema, unaenda hujala, wanakupulizia dawa ya ganzi kooni, unalala ubavu, dakika chache imeisha.

Hapa kuna jambo nataka mtu alishike. Watu wengi wanafanya endoskopi kutafuta vidonda, kamera inaingia tumboni, vidonda hakuna, wanaambiwa wako sawa. Siliaki haipo kwenye ule mfuko wa chakula, ipo mbele zaidi kwenye utumbo mwembamba, na ukuta wa utumbo unaweza kuonekana wa kawaida kwa macho. Lazima wakate vipande vidogo vya nyama wapeleke maabara viangaliwe kwa darubini, na wanachukua vinne au zaidi kutoka sehemu tofauti kwasababu uharibifu unaweza kuwa hapa na pale usiwepo. Kwaiyo kama unaenda na damu yako haipandi, muulize daktari mapema kama atachukua vipande vya utumbo mwembamba. Ni swali la heshima tu na hakuna daktari mzuri atakayechukia.

Na jambo lingine, yule mama alilisema mara mbili huku amenikazia macho: "Usiache ngano mpaka vipimo viishe." Mi nilivyosikia tu ngano ndo inashukiwa nilitaka siku ile ile niache kila kitu, nani anataka kuendelea kula sumu yake. Ila ukiacha, antibodi zinashuka na utumbo unaanza kupona, kipimo kinatoka kizuri, unaambiwa huna kitu, alafu unabaki njia panda maisha yako yote. Aliyeacha tayari akitaka kupima vizuri inabidi arudie kula ngano kila siku angalau wiki sita hivi, na mtu ambae ameshaonja kupona akirudia anateseka kweli. Kwaiyo nikaendelea na chapati zangu na ule uji mpaka siku ya endoskopi, na zile wiki zilikuwa ngumu.

Majibu yakaja, antibodi ziko juu sana, na vipande vya utumbo vinaonyesha vili zimelala. Vili ni vile vinyweleo vidogo sana vilivyojaa ndani ya utumbo kama manyoya ya zulia, ndivyo vinavyonyonya chakula, na kwangu vilikuwa vimekwisha, kumebaki sakafu. Dokta hakukimbilia kusema ni siliaki kwa hilo peke yake, alihakikisha kwanza sina giadia, maana nayo inaweza kulaza vili, na akaangalia dawa zote ninazotumia kwasababu kuna dawa ya presha inaitwa olmesartan inaweza kuleta picha hiyo hiyo. Ndo akakaa chini akaniambia, jina, na kwamba haina dawa ya kumeza, tiba yake ni kuacha gluteni kabisa, maisha yote.

Nikamuuliza si huu ni ugonjwa wa wazungu? Maana mi hilo neno nilishawahi kulisikia kwa binamu yangu anayepika mlimani kwa watalii tu. Akasema watu wengi hata madaktari wanafikiri hivyo na ndo maana hautafutwi, ila miongoni mwa watu wa Sahara Magharibi, Waafrika kabisa, walipima watoto wakakuta zaidi ya 5 kwa kila 100 wanao, wakati dunia kwa ujumla ni kama mtu mmoja kwa kila 100. Unahitaji vinasaba fulani, vinaitwa DQ2 na DQ8, karibu wagonjwa wote wanavyo kimoja au vyote, lakini watu wengi sana wanavyo na hawaugui kamwe.

Alafu akanipa historia ambayo mi kama Mchaga ilinikaa. Miaka ya 1920 huko New York kulikuwa na daktari anaitwa Sidney Haas, alikuwa anatibu watoto wenye siliaki kwa ndizi. Ndizi! Anawalisha ndizi nyingi na kuwakataza mkate, na watoto waliokuwa wanakufa wakapona, kwaiyo dunia ikaamini ndizi ni dawa. Walivyoonekana wamepona wakaruhusiwa kurudi kwenye mkate na utumbo ukaanza kuharibika tena kimya kimya. Aliyeipata sababu yenyewe ni daktari wa watoto Mholanzi, Willem Dicke. Alikuwa anashuku ngano tangu kabla ya Vita ya Pili ya Dunia, alafu ikaja ile njaa ya Uholanzi majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, mkate ukakosekana, watoto wengine wanadhoofika kwa njaa huku wagonjwa wake wa siliaki wakipata nafuu, na mkate uliporudi wakaugua tena. Kumbe ndizi ilikuwa imekaa tu kwenye nafasi ya mkate. Mi nilitoka pale nikijua mgomba wa nyuma ya nyumba yetu Kibosho hautaniangusha.

Na kweli, chakula chetu cha asili kiko salama. Mtori, machalari, kiburu, ngararimo, makande, ugali, wali, viazi, mihogo, maharage, nyama, samaki, mboga zote, matunda yote, ulezi, mtama, uwele, hakuna gluteni hapo. Hata mbege, ni ndizi na ulezi. Bia ndo basi, bia za kawaida ni shayiri, na shayiri yenyewe inalimwa hapa hapa West Kilimanjaro na Monduli. Vile vinywaji vya kimea pia, na ile ya unga ya kuchanganya na maziwa, soma nyuma ya kopo, kimea cha shayiri hakifai, cha ulezi hakina shida. Sihitaji zile biskuti na mikate maalumu wanayouza supamaketi za Arusha kwa bei ya kutisha.

Ugumu upo kwenye ngano usiyoiona. Slesi moja ya mkate ina kama gramu 2 za gluteni, na miligramu 50 tu kwa siku, yaani chembe za kwenye kisu, zikiingia kila siku zinatosha kuharibu utumbo. Sasa fikiria mashine ya kusaga: mtu katangulia kusaga ngano, wewe unafuata humo humo, unga wako unatoka na ngano ya mwenzako. Fikiria kisado sokoni, muuzaji kapimia ngano kakung'uta kidogo kakupimia ulezi. Fikiria kibanda cha chipsi, mafuta yale yale yamekaangiwa sambusa na kachori. Vitumbua ni mchele ila wengi wanaongeza ngano kidogo vishikane, bagia hivyo hivyo, mchuzi wa hotelini wameuweka unga uwe mzito. Huwezi kuyajua haya mpaka uulize, na kuuliza kunachosha, watu wanakuona unaringa.

Aliyenisaidia hapa sio hospitali, ni yule binamu mpishi wa mlimani. Yeye kampuni zinampa kabisa orodha ya wageni wasiokula gluteni kabla ya safari, ameshazoea, anajua sufuria ya tambi haichanganywi, mwiko wa mbao unashika unga kwenye nyufa, anayeanza kupikiwa ni mgonjwa ndo wafuate wengine. Alikuja nyumbani Jumapili moja akapitia jiko na mke wangu kitu kimoja kimoja. Tukatenga mwiko, ubao wa kukatia, chujio na kikaango. Chapati za watoto zinasukumwa mwisho kabisa, chakula changu kikiwa kimeshafunikwa. Unga wangu nikampata mama mmoja mwenye mashine ndogo anayesaga mahindi na ulezi tu, ngano hapokei, ni mbali kidogo ila naenda. Ulezi tunanunua tunachambua kwenye ungo, punje za ngano zinaonekana ukiwa na subira.

Mama yangu nilimweleza mwenyewe, nilipanda Kibosho makusudi. Alikaa kimya muda, akauliza, "kwaiyo mwanangu uji wangu?" Nikamwambia mama uji wako ni mzuri tunatoa kitu kimoja tu. Akatoa ngano, akatoa na mchanganyiko wa duka aliokuwa anaongezea, na ule uji bila ngano ndo nakunywa mpaka leo. Vidonge vya chuma vile vile ambavyo havikuwa vinafanya kazi, sasa vikaanza kufanya, maana utumbo umeanza kuota tena. Maziwa nilikatazwa mwanzoni kwasababu vili zikilala hata uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa unapotea, mtindi nilivumilia vizuri, baadae nikarudi kwenye maziwa bila tatizo. Nikapewa foliki na vitamini D pia, mifupa nayo inaathirika.

Kanisani ilibidi niongee na paroko. Hostia ya Kikatoliki, kile kimkate cha komunyo, lazima iwe ya ngano, Kanisa linaruhusu yenye gluteni kidogo sana ila huku sijaipata, au mtu apokee kwa divai peke yake. Na hata divai, padre anatumbukiza kipande cha hostia kwenye kalisi yake, kile kikombe cha divai, kwaiyo kwangu inawekwa kalisi ndogo pembeni ambayo haijaguswa. Nilikuwa nahisi aibu kumuomba, yeye akasema alishakutana nalo na hakuna haja ya kueleza zaidi. Harusini nakula ndafu na wali, keki nikilishwa na maharusi naishika mkononi nawashukuru, nampa aliye karibu, na wanaonifahamu wameshazoea.

Sasa dada yangu. Daktari alisema ndugu wa damu moja, wazazi, watoto, kaka na dada, wapimwe, kama mmoja kwa kila kumi anaweza kuwa nayo na asijue. Binti yangu kapimwa hana, atarudiwa akionyesha dalili au akikua. Dada yangu yupo Arusha, tumbo lake halijawahi kumsumbua hata siku moja, hajakonda, ila damu yake kila akiwa mjamzito inashuka vibaya na mimba mbili zimetoka, siku zote anaambiwa akiba yake inaisha kwa hedhi nyingi kabla ya mimba. Nikamsumbua mpaka akapima. Anayo.

Na dada yangu riziki yake ni maandazi na chapati, maeneo ya soko la Kilombero, anaanza saa tisa usiku. Kuacha kula anaweza, ila unga ule unaruka hewani wakati wa kuchekecha na kukanda, unakaa mdomoni, unaumeza, na kwa siliaki hiyo ni kula tu. Barakoa imepunguza, haijamaliza, antibodi zake zimeshuka kidogo zikagoma hapo. Tumekaa nae tukapiga hesabu, mihogo ya kukaanga na vitumbua vya mchele mtupu faida yake ni ndogo kuliko chapati na wateja wake wa asubuhi wamezoea chapati, ana watoto watatu shuleni. Kwa sasa amempa msichana anayemsaidia kazi yote ya unga, kwenye chumba kingine, yeye anakaa kwenye mihogo na chai, na amenunua kikaango kipya ambacho hakitaingia ngano. Mwezi ujao anapima tena tuone kama hiyo inatosha au tutafute mtaji abadilishe biashara yote.